Treni au ndege kwa safari ya kikazi ndani ya nchi: namna ya kupiga hesabu ambayo hata mhasibu hataipinga

Watu wengi wakitumwa safari ya kikazi mji mwingine hulinganisha hivi: wanafungua apu ya ndege wanaona bei, wanafungua ya treni wanaona bei, ile ndogo wanamtumia bosi, imeisha hiyo. Sasa hapo umelinganisha tiketi, safari yenyewe bado hujaigusa. Nauli ni sehemu tu ya gharama, na kuna ruti ambazo hata sio sehemu kubwa. Ndo maana ule ubishi wa ofisini wa "ndege ni haraka" na "treni ni rahisi" hauishi, kwa sababu kila mtu kashikilia namba moja anayoipenda, mwenye haraka kashikilia dakika za kuwa angani, mwenye kubana matumizi kashikilia nauli, na wote wawili hawajahesabu teksi.

Hesabu ninayoipigia debe mimi ni ya mlango kwa mlango, yaani kuanzia unapofunga mlango wa nyumbani mpaka unapogonga mlango wa ofisi unayoenda, halafu kurudi. Ukiifanya mara moja kwa ruti fulani, safari inayofuata unabadilisha namba mbili tatu basi.

Anza na muda, hela baadaye

Najua mtu anataka kuanza na hela, ila muda ndo unaoamua kama utalala huko au utarudi siku hiyo hiyo, na usiku mmoja wa hoteli unaweza kupindua hesabu yote.

Kwa ndege andika: nyumbani mpaka uwanjani, kukaa uwanjani, ndege yenyewe, kutoka kwenye ndege mpaka nje ya jengo (ongeza kama una begi la kusubiri kwenye mkanda), halafu uwanjani mpaka unakoenda. Ule muda ulioandikwa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inaondoka ilipoegeshwa mpaka inaegeshwa upande wa pili, kwa hiyo kule ndege kutembea ardhini na kusubiri zamu ya kuruka tayari kumo ndani, usikuongeze tena. Ambacho hakimo ni kufika mapema. Chekini ya ndege za ndani kwa kawaida inafungwa kati ya nusu saa na saa nzima kabla ya kuondoka, na geti linafungwa robo saa hivi kabla, halafu kuna foleni ya ukaguzi ambayo haitabiriki, kwa hiyo hata mtu mzoefu asiye na begi la kukabidhi ni vigumu kuhesabu chini ya saa moja. Kama uwanja ni mkubwa na geti liko mbali huko mwisho, weka saa na robo au saa na nusu.

Kwa treni ni vipande hivyo hivyo ila vifupi: nyumbani mpaka stesheni, kusubiri, treni, kushuka, stesheni mpaka unakoenda. Kuna nchi unaingia treni dakika tano kabla haijaondoka na hakuna anayekuuliza kitu, na kuna nchi stesheni zina ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege, mfano China, huko ukihesabu dakika tano utaikuta imeshaondoka. Uliza stesheni yako inaendaje.

Halafu kuna lile la "treni inakushusha katikati ya mji". Mara nyingi ni kweli, sio siku zote. Ufaransa kuna stesheni ya treni za kasi inaitwa TGV Haute-Picardie, iko mashambani kati ya miji ya Amiens na Saint-Quentin, wenyeji wakaibatiza stesheni ya viazi sukari kwa sababu ndo vilivyolimwa pale. Shanghai nako stesheni ya Hongqiao imeshikana na uwanja wa ndege wa Hongqiao, kwa hiyo kwa upande ule teksi ya treni na teksi ya ndege ni ile ile. Na kwa ndege pia, makampuni ya nauli nafuu hupenda viwanja vya mbali. Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, na ndege nyingi za nauli nafuu za ndani ya Japani zinatumia uwanja huo huo. Kwa hiyo fungua ramani, weka anwani ya pale unapoenda kufanya kazi, pima kutoka pale, na upime kwa saa utakayokuwa barabarani kweli, sio usiku wa manane wakati barabara ni nyeupe.

Ukitaka kipimo cha haraka kabla hata ya hesabu, angalia masaa ya treni yenyewe. Treni ikichukua chini ya saa 3, ni nadra ndege kushinda mlango kwa mlango. Kati ya saa 3 na saa 4 na nusu ndo eneo la ubishi, hapo lazima upige hesabu. Ikizidi saa 5, ndege ya moja kwa moja kwa kawaida inashinda kwa muda, iliyobaki ni kujua unaulipia bei gani huo muda. Nimesema ndege ya moja kwa moja, kama inabidi ubadilishe ndege mji wa tatu hicho kipimo kisahau, unaweza ukatumia nusu siku kwa safari ambayo ndege ingeivuka kwa saa moja.

Na tafadhali tazama masaa, kilomita achana nazo. Madrid mpaka Barcelona ni kilomita 621 kwa reli, treni ya kasi inachukua kama saa 2 na nusu, na ile ruti kabla ya reli kukamilika 2008 ilikuwa kati ya ruti za ndege zenye msongamano mkubwa duniani, leo abiria wengi wako kwenye treni. Lakini mahali ambapo treni inakwenda wastani wa kilomita 80 kwa saa, kilomita 400 tu ni saa 5 tayari. Ufaransa wenyewe walitumia kipimo cha masaa kwenye sheria, mwaka 2023 wakazuia ndege za ndani pale ambapo treni inaweza kukufikisha chini ya saa 2 na nusu, ndo ndege za kutoka uwanja wa Orly wa Paris kwenda Lyon, Nantes na Bordeaux zikafutwa.

Masaa yanayofanya kazi na masaa yaliyokufa

Hapa ndo watu wengi wanaruka, na kwa maoni yangu ndo penye pesa.

Safari mbili zinaweza kuchukua masaa manne na nusu zote, moja ukafanya kazi masaa matatu, nyingine ukafanya kazi dakika arobaini za kuokoteza. Safari ya ndege fupi imekatwakatwa: teksi, foleni, mkanda wa ukaguzi toa laptopu rudisha laptopu, kaa, simama, panda, funga meza, fungua meza, funga tena meza tunatua. Treni unakaa mara moja unanyanyuka mara moja. Kwa hiyo kila kipande ulichoandika pale juu, kando yake andika dakika ngapi kweli utafanya kazi ya maana. Ukweli lakini. Kama wewe ukipanda treni unalala, andika sifuri, hesabu haina haja ya kujua sababu.

Na treni sio ofisi pia tusidanganyane. Intaneti inakatika kwenye mahandaki na maporini, simu za siri huwezi kupiga maana jirani yako anasikia bei unazompa mteja, na kuna treni hazina soketi ya chaji daraja la kawaida. Kazi inayoenda vizuri ni kuandika, kusoma mikataba, kupanga slaidi, kujibu imeli ambazo zitatoka mtandao ukirudi. Mitingi ya video usiihesabu kabisa. Nikisafirisha mtu mwenye kazi ya kuandika, robo tatu ya muda wa kwenye kiti cha treni naihesabu kuwa ni kazi, kwa mtu wa mauzo ambaye kazi yake yote ni simu nahesabu theluthi moja au pungufu.

Yale masaa yaliyobaki, ambayo hufanyi kazi wala hupumziki, ndo yaliyokufa. Hayo ndo utayapa bei.

Bei ya saa unaipata hivi: chukua gharama ya mfanyakazi kwa mwezi, sio mshahara wa mkononi tu, jumlisha na yale mwajiri anayolipa juu yake kama michango ya mafao na bima, gawanya kwa masaa ya kazi ya mwezi. Siku 22 mara masaa 8 ni 176. Basi. Mtu wa fedha atakuambia "huyu mshahara namlipa hata akikaa uwanjani, hiyo sio gharama mpya", na ana hoja, kwa hiyo usimchanganyie. Weka mistari miwili, mmoja hela inayotoka, mwingine thamani ya masaa yaliyokufa, halafu jumla chini. Asiyetaka mstari wa pili ataufunika kwa kidole asome wa kwanza. Ila kama ni mtu ambaye kampuni inamtoza mteja kwa saa, fundi, mwanasheria, mshauri, hapo mstari wa pili ni hela kabisa na usikubali ufutwe.

Hela inayotoka

Orodha yenyewe haina maajabu: nauli kwenda na kurudi, begi, kuchagua kiti, teksi nne (watu hukumbuka mbili, zipo nne, kila mji una kwenda na kutoka), maegesho kama unaacha gari, chakula cha njiani, hoteli na posho kama unalala. Chache tu ndo za kuzikazia macho.

Begi kwanza. Nauli nafuu za ndege siku hizi nyingi zinakuuzia kiti tu, na zingine hata begi la kuweka rafu ya juu ndani ya ndege unalipia, unaruhusiwa kale kadogo ka chini ya kiti. Ukilinganisha ile bei ya kwanza unayoona na nauli ya treni ambayo begi limo ndani unajidanganya. Kwa anayebeba vifaa ni zaidi: fundi mwenye drili na bisibisi ndefu hawezi kuingia navyo ndani ya ndege, lazima viende chini, kwa hiyo analipia begi na anasubiri mkanda. Ukiwa na betri za ziada au pawabenki ni kinyume chake, hizo haziruhusiwi kwenda chini, lazima uwe nazo mkononi, na zikizidi wati-saa 100 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Kwenye treni vitu hivi mara nyingi havina shida, ingawa penye ukaguzi stesheni cheki masharti.

Pili, saa ya kuondoka. Ndege ya saa 12 na nusu asubuhi inaonekana nafuu mpaka ukumbuke utaamka saa 9 usiku na hakuna basi wala treni ya mjini saa hiyo, ni teksi tu tena ya usiku. Na kampuni nyingine ukiondoka nyumbani kabla ya saa fulani posho inaanza kuhesabiwa mapema. Soma sera yenu.

Tatu, mkiwa zaidi ya mmoja. Teksi mnagawana, kwa hiyo ubaya wa uwanja wa mbali unapungua kwa kila kichwa, hilo linaisaidia ndege. Ila kwenye tiketi kuna mtego. Mashirika ya ndege huuza viti kwa mafungu, fungu la bei ndogo lina viti vichache likiisha linafuata la juu yake. Ukitafuta tiketi nne kwa mpigo na fungu la chini lina viti viwili, mfumo kwa kawaida unakupa wote wanne kwenye fungu lenye nafasi nne, yaani wote bei ya juu. Tafuta kwanza kwa mtu mmoja uone, kama bei ni tofauti, kata tiketi wawili wawili. Treni nyingi zina bei za kikundi, huko ni afadhali kukata pamoja.

Daraja la juu nalo. Kwenye ndege ya saa moja sioni sababu ya kulilipia, unanunua glasi na nafasi ya magoti kwa dakika hamsini. Kwenye treni ya saa nne tofauti ya bei inaweza kuwa ndogo na unapata meza, soketi na utulivu, yaani unanunua masaa ya kazi, kwa hiyo iingize kwenye hesabu kama chaguo la tatu badala ya kuifuta eti ni anasa.

Namba za mfano

Nitatumia namba tupu, weka pesa yako mwenyewe. Safari ya kwenda na kurudi.

Ndege: tiketi 100, begi 20, teksi nne za uwanjani 48, chakula 8. Jumla 176. Muda wa upande mmoja: dakika 50 kwenda uwanjani, 75 kusubiri, 65 ndege, 25 kutoka, 50 teksi. Ni saa 4 na dakika 25. Kazi ya maana tuseme saa 1, yaliyokufa saa 3 na dakika 25, kwenda na kurudi karibu saa 7 kasoro dakika 10.

Treni: tiketi 90, begi bure, teksi nne fupi 20, chakula 6. Jumla 116. Muda wa upande mmoja: 20 kwenda stesheni, 20 kusubiri, 210 treni, 5 kushuka, 15 mpaka ofisini. Ni saa 4 na nusu. Kazi ya maana saa 3, yaliyokufa saa 1 na nusu, kwenda na kurudi saa 3.

Saa ya mfanyakazi tuseme ni 10. Ndege 176 na 68 ni 244. Treni 116 na 30 ni 146. Na kumbuka tiketi zenyewe zilitofautiana kwa 10 tu, na ndege iliwahi kufika kwa dakika tano.

Sasa badilisha kitu kimoja, treni ichukue saa 6 badala ya saa 3 na nusu. Mlango kwa mlango inakuwa saa 7. Hata ukifanya kazi saa 4 na nusu njiani, yaliyokufa ni saa 2 na nusu, kwenda na kurudi saa 5, ni 50. Hapo bado treni ni 166, bado inaonekana tamu. Lakini huwezi tena kwenda mkutano na kurudi siku hiyo, lazima ulale. Hoteli 60, posho 25. Treni imekuwa 251, ndege 244. Umeona kilichoiangusha treni, sio nauli wala sio masaa, ni kitanda. Kwa hiyo ukiwa kwenye lile eneo la ubishi swali la kwanza liwe: kwa ratiba ilivyo, mkutano unaanza saa ngapi na unaisha saa ngapi, narudi leo au silali nyumbani? Na linafanya kazi pande zote mbili, kama mkutano ni wa siku mbili na hoteli ipo tu vyovyote vile, iondoe kwenye hesabu maana iko kote, na treni inarudi juu.

Treni za usiku zinacheza na hicho hicho. London kwenda Uskoti mfano kuna treni yenye vitanda, unaondoka usiku unafika asubuhi, nauli ni kubwa kuliko ya mchana ila usiku wa hoteli umefutika. Inafaa kama inafika kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi na kuna mahali pa kuoga. Ikifika saa 10 alfajiri utakaa stesheni unaangalia saa ya ukutani.

Bei inabadilika lini

Kabla hujalinganisha jua treni ya nchi yenu inauzwa vipi. Kuna aina mbili. Kuna zinazouzwa kama ndege, bei inapanda kadri viti vinavyojaa na siku inavyokaribia, Hispania na Ufaransa ziko hivyo, na Hispania walivyoingia washindani kwenye reli moja, Ouigo 2021 na Iryo 2022, bei za Madrid na Barcelona zikashuka sana. Halafu kuna zenye nauli inayokaribia kuwa ya kudumu, Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, nauli yake ya kawaida haibadiliki sana ununue mapema au dakika ya mwisho.

Kwa safari za kikazi hiyo tofauti ni kubwa mno, kwa sababu mikutano haipangwi miezi miwili kabla, inapangwa Jumatatu kwa ajili ya Alhamisi. Nauli ya ndege katika wiki ya mwisho mara nyingi inapaa, na mashirika yanajua kabisa kwamba anayenunua muda huo anatumwa na kampuni. Kama treni yenu ni ya nauli ya kudumu, inashinda karibu kila safari ya ghafla. Kama zote mbili zinapanda, linganisha kwa siku mnazonunua kweli: angalia safari zenu zilizopita mlinunua siku ngapi kabla, kisha tafuta bei ya safari iliyo mbali kiasi hicho kuanzia leo. Kulinganisha kwa bei ya miezi mitatu mbele wakati huwa mnanunua siku nne kabla ni kujifurahisha.

Angalia pia mauzo yanafunguliwa lini. China tiketi za treni hufunguliwa kama siku 15 kabla na vipindi vya sikukuu zinaisha haraka, Japani ni mwezi mmoja kabla.

Tiketi inayobadilishika

Mteja akisogeza mkutano tiketi nafuu inaweza kuwa karatasi tu. Hapa usitumie hisia, tumia makadirio. Tuseme tiketi isiyobadilishwa ni 60, inayobadilishwa ni 85, na mikutano yenu mmoja kati ya minne husogezwa. Ukinunua ya 60 na mkutano ukasogezwa unanunua nyingine ya dakika za mwisho, tuseme 120. Robo ya 120 ni 30, kwa hiyo tiketi ya 60 kwa wastani inakugharimu 90. Inayobadilishwa ni 85, inashinda. Sawa?

Subiri, soma masharti. Tiketi nyingi za ndege zinazoitwa za kubadilishika zinakusamehe adhabu tu, tofauti ya nauli unalipa. Kama nauli mpya ni 120, unaongeza 35, robo yake ni karibu 9, jumla 94. Imegeuka, ile nafuu imeshinda. Kwenye treni zipo zinazokuruhusu kuhama kwenda treni nyingine bila kulipa chochote, na hapo ndo ubadilikaji unakuwa na thamani ya kweli, hasa kama treni zinaondoka kila saa. Mkutano ukiisha mapema unapanda ya mbele, ukichelewa unapanda ya nyuma.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, usipotokea kwenye ndege ya kwenda, mashirika mengi yanafuta na ile ya kurudi. Kama kuna uwezekano utaenda kwa gari la mwenzako na kurudi kwa ndege, nunua mbili za upande mmoja mmoja. Hii pia inafungua mlango wa kuchanganya, kwenda kwa ndege kurudi kwa treni, ambayo kwa maoni yangu ni mpango mzuri sana na watu hawaufikirii. Asubuhi ndege inakuwahisha kwa mkutano wa saa 4, jioni huna haraka, unarudi kwa treni unaandika ripoti, ukifika nyumbani ripoti imeisha.

Kuchelewa

Usiingize kuchelewa kama hofu, kuingize kama swali moja: ikishindikana hii, inayofuata ni saa ngapi? Ruti yenye treni kila nusu saa ikifutwa moja umepoteza nusu saa. Ruti yenye ndege mbili kwa siku ikifutwa ya jioni umelala. Kwa ndege chagua za asubuhi kama mkutano ni muhimu, kwa sababu ndege moja hufanya ruti nyingi kwa siku na ucheleweshaji wa asubuhi unajikusanya mpaka jioni. Kwa treni angalia kama kuna matengenezo ya reli, mara nyingi huwekwa wikiendi na sikukuu.

Fidia pia ipo, idai. Nchi za Umoja wa Ulaya treni ikichelewa kuanzia saa 1 mpaka chini ya saa 2 kiwango cha chini ni asilimia 25 ya nauli ya upande huo, ikifika saa 2 na kuendelea ni asilimia 50, na watu wengi hawajazi ile fomu kwa sababu aliyelipa ni kampuni. Kubalianeni mapema ofisini nani anajaza.

Kaboni, pointi na karatasi

Haraka haraka. Kama kampuni yenu inaripoti utoaji wa kaboni, safari za kikazi zina kipengele chake kwenye GHG Protocol, mfumo wa kimataifa wa kuhesabu utoaji huo, kundi la tatu, kipengele cha 6, na ndege ya ndani kwa kilomita moja ya abiria hutoa mara kadhaa ya treni, kwa hiyo mwenye kuandika ripoti hiyo atakuwa upande wako ukichagua treni. Mwambie aingie kwenye imeli.

Pointi za ndege, zile shirika linampa msafiri wake wa mara kwa mara: mtu anayeitetea sana ndege kwenye ruti ya treni ya saa 2 muulize kadi yake ya pointi ni ya rangi gani. Simlaumu, ila pointi ni za kwake na bajeti ni ya kampuni.

Risiti zichukue zenye jina la kampuni siku ile ile ya kununua, kwa sababu kodi inayorudishika, kama nchi yenu inaruhusu kwa usafiri, inataka karatasi sahihi. Na tiketi ya ndege usiyoitumia, hata kama hairudishwi nauli, kodi za uwanja mara nyingi zinarudishwa ukiomba. Wachache wanaomba.

Kuiandika ili ipite

Mtumie mwenye kuidhinisha mistari minne tu, sio ekseli nzima: hela inayotoka kwa kila chaguo, saa ya kuondoka nyumbani na saa ya kurudi nyumbani, kulala au kutolala, na masaa ya kazi njiani. Andika tarehe na saa uliyoona bei, kwa sababu akifungua kesho atakuta nyingine na atadhani umemdanganya. Ekseli iambatanishe kwa mwenye kiu nayo.

Ukirudi, kabla hujasahau, jaza namba halisi kando ya makadirio, teksi ilikuwa ngapi kweli, uwanjani ulikaa dakika ngapi, kazi ulifanya masaa mangapi kweli. Kwa kawaida kitakachokuwa kimekosewa zaidi ni muda wa teksi na masaa ya kazi. Rekebisha, hifadhi kwa jina la ruti, wenzako waitumie. Halafu ipige upya ratiba zikibadilika: mashirika ya ndege hubadilisha ratiba mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, na reli za Ulaya hubadilisha katikati ya Desemba, kwa nchi nyingine ulizia shirika la reli lenyewe. Treni moja ya jioni ikiongezwa, ile safari iliyokuwa lazima ulale inakuwa ya kwenda na kurudi siku moja.